Kadi Katika Kibuyu cha Mbegu

Mbuzi wa kwanza wa ntheo ya mke wangu alinunuliwa na mke wangu mwenyewe. Sijui mwanamke mwingine aliyefanya hivyo, na wengi wa kwetu wangeona aibu kulisema. Mimi nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwetu Ukambani, ntheo ni mbuzi watatu ambao mwanamume humpelekea baba wa msichana. Mahari iliyobaki inaweza kungoja. Mtu anaweza kuzeeka akiwa bado anailipa na hakuna atakayemcheka. Lakini bila mbuzi hao watatu, hata mkiwa na nyumba na mtoto na picha yenu ukutani, mke si wako. Akifa, yeye ni msichana wa babake, na anarudishwa kuzikwa kwao. Sote wawili tuliyajua haya tangu utoto, kama mtu anavyojua kwamba moto unachoma.

Tulianza kuishi pamoja miaka ya mwanzo ya elfu mbili, katika nyumba ya vyumba viwili niliyojenga kwenye shamba la mama, upande wa Iveti, juu ya mji wa Machakos. Yeye alitoka Muthetheni. Mimi nilipakia magunia katika kiwanda cha unga mjini, kisha nikapandishwa, nikawa wa stoo. Mshahara wetu ulipitia benki. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, kijana wa benki akaja kiwandani na meza na mwavuli.

"Hii kadi ni pesa yako, ila haujaipata bado," alituambia. "Unachukua vitu leo, unalipa polepole. Mzee, wewe uko na mshahara, shida iko wapi?"

Sikuwa mzee. Nadhani nilitia sahihi kwa sababu ya kuitwa mzee.

Kadi ilikuja kwa posta. Jina langu lilikuwa juu yake kwa herufi zilizovimba, hata kipofu angeweza kulisoma kwa kidole. Kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa godoro, kwa maana tulikuwa tunalalia gunia lililojazwa nyasi na yeye alikuwa na mimba. Kisha redio. Kisha jiko la gesi, ambalo jirani zetu walikuja kulitazama likiwaka. Mtoto wetu alipozaliwa, msichana, tulinunua vitu vya mtoto. Halafu mvua ikakosa msimu mmoja, ikakosa na wa pili, na tukaanza kununua unga na mafuta kwa kadi hiyo hiyo. Watu wa kununua chakula kwa kadi walikuwa wale wenye magari. Sisi tulishuka mlima kwa miguu, tukaingia supamaketi tukiwa na vumbi hadi magotini, tukatoa kadi.

Kila mwezi benki ilituma karatasi yenye hesabu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Chini ya ile ndogo kulikuwa na tarehe. Tulidhani ile ndogo ndiyo sehemu ya kulipwa kila mwezi, kama karo ya shule inavyogawanywa. Tulilipa ile ndogo kwa tarehe yake, hatukuchelewa hata mara moja, na tulijiona walipaji wazuri.

Yeye ndiye aliyeona kwamba ile kubwa haipungui. Aliweka karatasi mbili juu ya godoro, ya zamani na mpya, akazitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameishia darasa la nane kama mimi. Ijumaa hiyo alimbeba mtoto mgongoni, tukaenda pamoja benki. Dada wa dirishani hakuwa mkali.

"Hiyo ndogo ni ya kukushikilia tu, mama," alisema. "Ukilipa hiyo peke yake, karibu yote inaenda kwa riba."

"Kwa hivyo tumekuwa tukilisha ng'ombe wa mtu," mke wangu akasema, "na maziwa anakamua yeye."

Yule dada alicheka akajifunika mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu moyoni miezi tuliyolisha.

Nje ya benki tuliketi kwenye ukuta mfupi, akawa ananyonyesha. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuweka kando kidogo kidogo pesa za mbuzi wa ntheo. Nilimwambia tungoje, kwanza nimalizane na babake, ndipo tupambane na benki. Alikataa.

"Mbuzi za baba hazina riba," alisema. "Baba anaweza kungoja. Hawa hawangoji, na kila siku wanazaa."

Nilimwambia watu watasema. Akaniuliza watu gani, wale waliokuja kutazama gesi? Ilikuwa hesabu nzuri. Hata leo nikiirudia kichwani sioni mahali alipokosea. Mtu yeyote mwenye akili angelipa deni linalokua kabla ya deni lililosimama. Na ndivyo tulivyofanya.

Kadi tulimpa mama yangu atuwekee. Mama alikuwa na kibuyu cha mbegu za kunde na mbaazi, zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasiingie. Kibuyu hicho hakikuguswa hata nyumba ikilala njaa. Kwetu mtu anayekula mbegu amekula mwaka ujao. Mama aliigeuza kadi mkononi, akamuuliza mke wangu, "Hii ndiyo iliwamaliza hivi? Nyembamba namna hii?" Kisha akaitumbukiza kwenye majivu, akafunga kibuyu kwa gunzi la mahindi, akakirudisha juu ya dari, kwenye moshi.

Tuliuza jiko la gesi. Tuliuza redio. Godoro tulibaki nalo kwa sababu ya mtoto. Chai tulikunywa bila maziwa, na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa kwa kinu, tukayala asubuhi na jioni. Mke wangu alianza kwenda Matuu kuchukua maembe, akayauza Machakos siku za soko. Wanawake wenzake walisikia habari yetu, wakamwita Mama Kadi.

"Mama Kadi, leo unalipwa kwa mashine ama kwa mkono?"

"Kwa mkono, na uwe umenawa," aliwajibu, na wakanunua.

Tulipokwenda kuwaona wazazi wake Muthetheni, babake alikuwa na swali lake. Alikuwa mtu mpole, mkulima, mzee wa kanisa. Hakuwahi kuniuliza mimi, kwa maana mkwe haulizwi hivyo uso kwa uso. Alimuuliza binti yake, kwa sauti ya kunifikia.

"Mbuzi zangu zimefika wapi?"

"Zimefika sokoni Kithyoko, baba. Zinapumzika."

Safari nyingine: "Mbuzi zangu bado hazijaamka?"

"Zimeamka, baba, lakini moja inachechemea."

Alicheka, na mimi nilicheka nikitazama chini. Ulikuwa mzaha wao. Kila mara nilitoka pale nikiwa na haraka ya kulipa, na kila mara mke wangu alinituliza njiani. "Anakupenda, wewe. Asingekupenda asingeuliza."

Siku tuliyomaliza kulipa benki, yule dada wa dirishani alitupa karatasi yenye sifuri. Mke wangu aliomba kuiona sifuri hiyo mara ya pili. Tulinunua mkate nusu na soda moja, tukaketi kwenye ule ukuta mfupi, tukapeana chupa. Mtoto alikuwa tayari anakimbia. Nilimuuliza kama tukaichukue kadi kwa mama tuirudishe benki. Alisema ikae hapo hapo ilipo, itukumbushe, kwa maana mbegu haiguswi.

Pesa za maembe za wiki iliyofuata alizipeleka Kithyoko mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa kazini na alisema hawezi kungoja Jumapili. Alirudi akimvuta mbuzi jike mweusi mwenye kidoa cheupe kwenye paji la uso.

"Asi!" mama yangu akapiga makofi. "Nani ameona msichana akijinunulia ntheo?"

"Mwaitu, mtoto wako ni wa pole pole," akamjibu. "Nimeona nijioe."

Walicheka hadi mama akaketi chini. Mbuzi alifungwa nyuma ya nyumba ya mama. Tulipanga kununua wa pili mwisho wa mwezi, na wa tatu mwezi wa baadaye.

Kabla ya mwisho wa mwezi alisema shingo inamuuma. Alidhani ni mzigo wa maembe. Kesho yake alikuwa na homa na hakutaka mwanga, akaomba nining'inize shuka dirishani. Tulimpeleka hospitali. Walifanya walichoweza, sina lawama. Walisema ni homa ya uti wa mgongo. Alifariki asubuhi, nikiwa nimetoka kumtafutia maji ya moto.

Ukoo wetu ulichanga jeneza na gari. Wenye mbuzi wa kutoa hawakuwepo. Kiangazi kilikuwa kimemaliza mifugo ya ndugu zangu, na waliobaki nao walikuwa na ntheo zao wenyewe. Mwili wake ulikuwa bado mochari wazee wa Muthetheni walipokuja, babake akiwa kati yao. Waliketi upande mmoja wa uwanja, sisi upande mwingine. Mzee mmoja alisema kwa niaba yao.

"Hatukuja kugombana. Tunauliza tu, huyu mtoto tunamzika akiwa nani? Kama ni mke wa hapa, tuonyesheni. Kama ni msichana wetu, tupeni tuende naye."

Mjomba wangu alisema kuna mbuzi mmoja.

"Tumemwona," yule mzee akajibu. "Mmoja ni mgeni. Hajafunga ndoa."

Babake hakuuliza swali lake. Nilikuwa nalingoja. Kama angeuliza mbuzi wamefika wapi, nadhani ningeweza kulia mbele ya watu. Alipopita karibu nami wakiondoka, alisimama, akafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Alinisemesha moja kwa moja.

"Simzuii kwako," alisema. "Nikimwacha alale hapa bila ntheo, itakuwa nimemtupa. Nataka awe na mahali. Awe wa mtu."

Walitupa hadi Jumamosi.

Sikuwa na pesa. Kiwandani nilikuwa nimekwisha kuchukua mshahara wa mbele kwa ajili ya hospitali. Nilikwenda nyumbani kwa mama nikaketi kwenye kigoda, nikatazama juu ya dari. Nilikuwa nimemsikia mke wangu mwenyewe akisema isiguswe, na nilijua kwamba kuichukua ile kadi ni kumvunjia kazi yake yote, maembe yote, chai yote kavu. Na kutoichukua ni kumpoteza aende Muthetheni, na mtoto wake akue bila kaburi la mamake nyumbani, na kwa sheria ya kwetu mtoto pia si wangu.

Mama alipanda juu ya kigoda kingine akakishusha kibuyu. Alimimina mbegu kwenye ungo. Kadi ilitoka ikiwa ya kijivu kabisa. Aliipangusa kwa kanga yake.

"Alisema isiguswe," nikamwambia.

"Alisema mbegu hailiwi," mama akasema. "Hii si kula. Ni kupanda."

Mashine ya benki iliikubali kadi mara ya kwanza. Nakumbuka majivu yalibaki kwenye herufi za jina langu. Nilinunua mbuzi wawili, na Ijumaa wajomba zangu na mimi tukawapeleka watatu hao Muthetheni, yule mweusi mwenye kidoa akitangulia kwa sababu alikuwa amezoea kamba. Babake alikuwa amesimama langoni. Aliwatazama, akamshika yule mweusi sikio, maana alikuwa ameambiwa nani alimnunua.

"Zimefika," alisema.

Hakusema kwa yeyote kati yetu. Kisha akaingia ndani, na hatukumwona tena hadi wazee walipokwisha kula.

Tulimzika Jumamosi, upande wa chini wa nyumba yetu, kwenye tuta alilokuwa ameoteshea viazi vitamu. Padri alisema mke wa fulani, akataja jina langu, na hakuna aliyekohoa.

Deni hilo la pili nililipa peke yangu. Na hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilijua sasa hesabu ndogo ni nini. Ningeweza kulimaliza deni haraka, mshahara wangu ulitosha, tulikuwa wawili na nusu tu wa kula. Lakini kwa muda mrefu nililipa ile ndogo. Kila mwezi karatasi ilipokuja na ile kubwa ikiwa imesimama pale pale, nilipata kama pumziko. Kulikuwa bado na kitu cha mimi na yeye ambacho hakijaisha. Nilijua angenikaripia. Nililisha ng'ombe wa mtu huku nikijua.

Mtoto alipoanza shule, karo ikanilazimisha. Nilianza kulipa ile kubwa, ikaanza kushuka. Siku ya mwisho dirishani alikuwa dada mwingine, asiyetujua. Aliniambia hongera, akanipa karatasi yenye sifuri. Niliitazama mara moja tu. Kadi ilikuwa imepitwa na tarehe zamani, akaikata kwa makasi mbele yangu, akaniuliza kama nataka mpya. Nikasema hapana. Ukuta mfupi wa nje ulikuwa na watu, sikuketi.

Nilipanda mlima nikamkuta mama na mtoto uwanjani. Mawingu yalikuwa yamekaa vizuri, na walikuwa wameshusha kibuyu.

"Imeisha?" mama akauliza.

"Imeisha."

Alinisogezea ungo, nami nikaketi tukachagua mbegu, zilizotobolewa huku, nzima kule.