Arobaini Kwenye Mji wa Baridi

Watu wa Kalemie wakisikia kwamba nimefika Siberia huniuliza jambo moja tu: baridi ya kule ikoje? Nawaambia ukitoka nje vinyweleo vya puani vinaganda na kukuchoma kama vijiti. Wanacheka, wanadhani natia chumvi. Sitii. Ila mimi sikwenda kule kutazama baridi. Nilikwenda kumchukua binti yangu nimrudishe nyumbani, yeye na mtoto wake, na sikuwa nimemwomba mtu ruhusa.

Alikuwa amepelekwa kusoma famasi kwa msaada wa serikali. Kule akaolewa na kijana waliyesoma naye, mtu wa pale pale. Nilipoambiwa ni Mwislamu nilidhani binti ananituliza moyo, kumbe watu wa kabila lake wameswali kwenye theluji tangu enzi za mababu. Sikuwa na ugomvi na ndoa. Nilichogombana nacho ni sauti. Tangu apate mimba, sauti ya binti yangu kwenye simu ilikuwa inapungua. Huyu ni mtoto aliyesikika kabla hajaonekana. Tulipokuwa tukianika ndakala, dagaa wetu wa ziwani, mchangani, yeye ndiye aliyefukuza kunguru, na aliwatukana mmoja mmoja kana kwamba anawajua wazazi wao. Sasa nikimpigia, anajibu, "Ndiyo, Mama. Sawa, Mama. Niko muzima, Mama." Mume wangu alisema ni uchovu wa mimba. Mimi nimezaa mara nyingi, naujua uchovu wa mimba, na ule haukuwa wenyewe.

Mkwe wangu akatuma tiketi. Nikavuka ziwa hadi Kigoma na sanduku lililojaa ndakala wakavu, mafuta ya mawese na vitenge vya kumfunga mzazi tumbo. Kutoka Kigoma nikaenda Dar es Salaam, na nikiwa pale nasubiri ndege, mjukuu hakunisubiri. Alizaliwa, msichana. Nilipofika, mawese yalikuwa yameganda yamekuwa kama kipande cha sabuni, na mimi mwenyewe sikuwa mbali na hali hiyo.

Mji wenyewe ni mji mkuu wa jimbo, kama Kalemie, na uko mbali na kila kitu, kama Kalemie. Kwetu wageni kutoka Kinshasa hushuka na uso wa mtu aliyeadhibiwa, wanauliza umeme unarudi lini. Mkwe wangu, ambaye binti alimfundisha Kiswahili cha kuombea chumvi tu, alinieleza kwa maneno hayo machache na mikono mingi kwamba watu wa mji mkuu wa nchi yao nao huwashangaa vivyo hivyo: mnaishije huku? Nikaupenda mji kidogo kwa sababu hiyo. Wana stesheni kubwa ya treni, na treni zinaondoka kwa saa iliyoandikwa, jambo ambalo sisi tunaosubiri treni ya Kabalo tunaliona ni majivuno. Wana mto mpana ulioganda ukasimama kabisa, na magari yanapita juu yake. Nikamwuliza mkwe samaki wako wapi. Akaonyesha chini, chini ya magurudumu yetu. Nikashika kiti na kusoma kila dua niliyoijua mpaka tulipofika ng'ambo.

Mama yake mkwe wangu, bibi mwenzangu, hakuwa hata na Kiswahili cha kuombea chumvi. Ni mwanamke mpana, ana kilemba cheupe na meno mawili ya dhahabu. Kati yangu na yeye kulikuwa na bismillah, alhamdulillah, mashallah na astaghfirullah, na niwaambie ukweli, ukizipanga vizuri unaweza kuendesha nyumba. Alinipokea kwa chai ya maziwa, nami nikamkaribisha ndakala. Aliwatazama wale samaki wadogo wakimtazama kwa macho yao, akasema bismillah kwa sauti ya mtu anayeingia vitani, akala. Kuanzia hapo nikamheshimu.

Binti yangu nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mtoto amelala mapajani mwake, na mikono yake iko pembeni, haimgusi. Alinikumbatia. Alisema, "Karibu, Mama." Halafu akarudi kwenye kiti. Nilikwenda bafuni, nikafungua maji yavume, nikalia humo.

Nilipomaliza kulia nikaanza kazi. Kwetu mzazi ana arobaini yake, na hiyo haina mjadala. Kila asubuhi maji ya moto kweli kweli, yale ambayo mkono wako mwenyewe unayaogopa, nikamkanda mgongo, kiuno na tumbo kwa kitambaa, nikamfunga kitenge, nikamnywesha uji mwepesi wenye pilipili manga. Na mzazi hatoki nje. Nikashusha mapazia yote. Dirisha lilikuwa na vioo viwili, hata sisimizi asingepata pa kupita, lakini upepo ni upepo. Bibi mwenzangu alisimama mlangoni akiangalia ninavyokanda. Siku moja akaja na taulo lake, akanigeuzia mgongo, akashika kiuno, akasema "Bismillah." Nikamkanda na yeye. Alitoa sauti ambazo sitazirudia hapa.

Mwili wa binti ulirudi. Maziwa yalijaa, uso ukapata rangi, mtoto akanenepa shingo. Lakini mwenyewe hakurudi. Alikaa nyuma ya pazia lililofungwa kana kwamba bado anatazama nje. Mume wake akirudi kazini, alimletea kila mara kitu kidogo, chungwa, peremende, na binti akakipokea na kukiweka juu ya meza. Peremende zilijaa pale mezani. Kijana yule alizitazama, akanitazama mimi.

Basi nikamwambia binti nilichokuwa nimekificha tangu Kalemie.

"Arobaini ikiisha tunarudi kwetu. Wewe na mutoto. Baba yako ameshatengeneza chumba. Bwana yako atakuja kukuona akipata likizo."

Nilitegemea afurahi, au akatae, agombane nami kama zamani. Alisema, "Sawa, Mama."

Sijawahi kusikia neno zito kama ile sawa. Ningemwambia tunaenda kuishi mwezini, angesema hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nikarudi chumbani na bakuli, nikakuta kitanda cha mtoto kitupu. Binti yuko kwenye kiti chake. Nikamwuliza, "Mutoto iko wapi?" Akanyoosha kidole kwenye mlango wa kioo. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na kibaraza, ghorofa ya tano, ambako bibi mwenzangu alikuwa akiweka nyama na samaki badala ya friji. Na pale, pembeni ya samaki, kwenye kigari chake, alikuwa amelala mjukuu wangu.

Nilipiga kelele ambayo nadhani iliufikia ule mto.

"Astaghfirullah!" nikamwambia bibi, ambaye alikuja mbio na mikono ya unga.

"Alhamdulillah," akajibu kwa utulivu, akinionyesha mtoto anavyolala.

"Astaghfirullah, mutoto atakufa na baridi! Mumemuweka na samaki!"

"Mashallah," akasema, akionyesha mashavu.

Nikafungua mlango, nikamnyakua mtoto, nikamwingiza ndani. Mtoto aliyekuwa amelala kimya akaamka na kulia kama aliyechomwa. Bibi akamchukua mikononi mwangu bila haraka, akafungua manyoya ya kondoo aliyomfungia, akashika kidole changu na kukiingiza shingoni mwa mtoto, chini ya nguo. Palikuwa na joto la mkate uliotoka sasa hivi kwenye tanuri. Nilikasirika zaidi. Kukosa ni jambo moja, kuonyeshwa kwa kidole chako mwenyewe ni jambo lingine. Binti yangu baadaye alinieleza kwamba kule watoto wote hulazwa hivyo, hewa ya baridi inawapa usingizi na mapafu yenye nguvu, na kwamba siku ile kwao ilikuwa siku ya joto.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Wakati ule mlango wa kibaraza ulikuwa bado wazi, baridi inaingia chumbani inatambaa sakafuni, na binti yangu alikuwa ameinuka. Hakuna aliyemwinua. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama na kanga zake, akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena. Nikamwona mabega yanashuka.

"Mama," akasema, "nipatie koti yangu."

"Koti ya nini? Arobaini haiyaisha."

"Nataka kutoka, Mama. Nataka kutembea."

Nilisimama kati yake na lile koti. Kichwani nilikuwa na mama yangu, na bibi yangu, na wanawake wote walionikanda mimi, wote wananiambia usithubutu. Mzazi akipigwa na upepo kabla ya siku zake, taabu yake haiishi. Hayo nimeyaona kwa macho. Lakini nilikuwa pia nimeisikia sauti yake. Ilikuwa na haraka ndani yake, na kaukorofi kadogo, sauti ya yule aliyegombana na kunguru.

Nikafikiria arobaini yangu mwenyewe nilipomzaa huyu. Ni kweli sikutoka nje. Lakini je, nilikaa peke yangu hata saa moja? Mashangazi walilala chumbani kwangu. Wanawake wa soko waliingia na mabakuli na umbea, jirani Mkristo alileta samaki, wifi zangu waligombana uani kwangu kwa sauti ili na mimi nisikose neno. Kwetu mzazi hatoki kwa sababu mji mzima unaingia. Huku nilimfungia mtoto wangu mlango, na hakuna aliyekuwa akija. Watu wake wote walikuwa nje, na mimi nilikuwa nimeshusha mapazia.

Nikamletea koti. Nikamvisha soksi juu ya soksi, nikamfunga kitenge kingine juu ya kile cha tumbo, nikamfunga na kilemba cha bibi mwenzangu bila kumwomba. Bibi alikuwa ameshachukua mtoto na kigari. Tukashuka wote.

Nje palikuwa na jua kali, jambo ambalo hakuna aliyeniambia, jua kama la kwetu la kiangazi lakini halina joto hata kidogo. Nilishindwa kutembea. Barafu ilinikataa. Binti akanishika mkono.

"Usinyanyue muguu, Mama. Ukokote. Polepole, kama mutu muzee."

"Mimi njo mutu muzee."

Alicheka. Kidogo tu, kupitia pua, moshi ukamtoka mdomoni, na mimi nikasema alhamdulillah kwa sauti hata bibi akageuka.

Tukafika sokoni. Wauzaji walikuwa wamewasimamisha samaki wima kwenye ndoo, wagumu kama kuni. Mwanamke mmoja mwenye shali alimwona binti yangu akapiga makofi. Akamwita, akamkumbatia, akainama kwenye kigari, akapiga makofi tena. Wa pili akaja, na wa tatu. Binti akazungumza nao kwa lugha yao, kwanza polepole, kisha upesi, kisha akanyanyua samaki mmoja kwa mkia na kumwonyesha muuzaji kwa dharau kubwa, na nikajua, ingawa sikuelewa neno, kwamba anamwambia huyu samaki amelala hapa tangu mwaka jana na bei hiyo ampe mwingine. Muuzaji akashika kiuno akajibu. Watu wakacheka. Nilimwona binti yangu akivua glovu na kuweka kiganja chake shavuni mwa mtoto, bila kuambiwa na mtu, huku akiendelea kubishana.

Hatukutoka siku hiyo tu. Tulitoka kila siku, na maji ya moto niliendelea nayo kila asubuhi, kwa sababu maji ya moto hayana kosa lolote. Peremende za mezani zikaanza kuliwa. Arobaini ilipotimia tulimnyoa mtoto nywele, bibi zake wote wawili tukigombania wembe, na hakuna aliyezungumza tena habari ya chumba kile alichotengeneza baba yake. Nilifungasha sanduku. Binti alinisaidia kulifunga, na aliponiaga alinung'unika kwamba nimeweka vitu vibaya, akakifungua kifuniko, akapanga upya.

Mashua iliponifikisha Kalemie, dada zangu walikuwa wamejaa bandarini na vitenge vya sare. Wote walikuwa wananitazama nyuma ya bega, wanamtafuta atakayeshuka baada yangu.

"Na mutoto wako? Haukumuleta?"

"Amepona," nikawaambia. "Yuko kwake."

Mdogo wangu akaanza kulia kwa sauti, ameshika kitenge alichomshonea. Nikamwambia akitume kwa posta, na hapo ndipo na mimi machozi yalinitoka. Tulilia wote pale bandarini, wabeba mizigo wanatuzunguka, na mimi nilikuwa na furaha kuliko wote.