Kona ya Nne ya Chuo cha Uroa

Borafya wa Uroa alikuwa mwashi, na kazi yake ilisifiwa mpaka Chwaka. Mwaka 1955 serikali ilipotoa msaada wa saruji ili vijiji vya pwani viimarishe majengo ya watu wote, yasije yakaangushwa na tufani, yeye ndiye aliyekabidhiwa chuo cha Kurani cha Mwalim Hamad. Kuta zake zilikuwa za mawe na udongo. Alitakiwa abomoe kona zote nne, azijenge upya.

Tatu alizijenga barabara. Kufika ya nne, ile ya upande wa bahari, akakuta mifuko ya mwisho imegeuka jiwe. Alikuwa ameilaza mwenyewe chini sakafuni, unyevu ukaila. Akaona haya kusema. Akajenga kwa udongo, akapaka chokaa juu, ikang'ara kama zile nyingine. Mudiri, ofisa wa serikali wa eneo lile, alipokuja kukagua aliigonga kwa bakora, akamshukuru.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, upepo ulivuma kwa namna ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona. Kabla ya adhuhuri makuti ya mapaa yalikuwa yakiruka, na sheha, mkuu wa kijiji, akapita akiwahimiza watu wakimbilie chuoni. Borafya alipoingia na mkewe, Mwanakhamis, pamejaa. Bi Tabia, mkunga wa kijiji, alikuwa amekaa kwenye kona ile ile ya nne, mgongo ukutani, wajukuu wawili mapajani.

Borafya hakuiondolea macho kona ile. Upepo ukipiga, aliiona chokaa ikifanya ufa mwembamba, kisha ufa ukishuka. Akisema, atatazamwaje? Asiposema?

"Una nini?" Mwanakhamis alimnong'oneza. "Mbona unautazama ukuta ule?"

"Kona ile haina saruji."

Mwanakhamis alimkodolea macho. "Basi waambie! Unangoja nini?"

Sauti ilimtoka Borafya kama si yake. "Bi Tabia, ondoka hapo! Ondokeni nyote! Kona hiyo nimeijenga kwa udongo, nimekudanganyeni!"

Watu walimtazama wasimwelewe. Mwalim Hamad ndiye aliyeelewa; akamnyanyua mtoto mmoja, Borafya akamvuta Bi Tabia na wa pili, umati ukasongamana upande wa mlango. Hawajatulia, kona ikaporomoka yote, nje na ndani, mvua ikaingia kwa kishindo. Watoto walilia. Kona tatu zilibaki zimesimama, na paa likabaki juu yao mpaka upepo ulipotulia alasiri.

Hakuna aliyekufa. Hakuna pia aliyesema na Borafya siku ile, ila Bi Tabia, aliyemwambia, "Umechelewa, mwanangu, lakini umesema."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mudiri, akaeleza yote. Alinyimwa kazi za serikali tangu hapo. Kona aliijenga upya kwa saruji aliyoinunua mwenyewe, na miaka mingi baadaye, upepo ukizidi, alikuwa akiamka kwenda kuzipapasa kuta za chuo, moja moja.