Picha za Karatasi ya Kaki

Kwa miaka ishirini na mbili Hafidh alilala juu ya picha za watu. Makopo kumi na moja ya biskuti, yamejaa negativu za studio ya marehemu Mzee Ishak wa Konde, yalikaa mvunguni mwa kitanda chake. Kila masika aliyapandisha kitandani, yeye akalala chini kwenye mkeka. Sasa alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, lakini tangu alipomaliza darasa la saba mpaka bwana wake alipofariki, kazi yake ilikuwa kusafisha picha katika chumba cha giza.

Basi Shamima alipokuja kutoka mjini Chake na mradi wake wa kuzitia picha za zamani kwenye kompyuta, Hafidh alimpa makopo yote. Alikwisha choka kuyahamisha. Wakapatikana wajitoleaji sita na chumba kimoja karibu na soko, na Hafidh akawa anakwenda kila alasiri, mikono ingali na grisi, kuwatajia nani ni nani.

Siku ya tatu walilifikia kopo la negativu zilizofungwa karatasi za kaki, moja moja. Wajitoleaji walidhani ni kinga ya vumbi. Wakazifungua, wakaziskani, karatasi wakazitupa. Hafidh aliona, na alijua. Zile zilikuwa za wanawake ambao waume zao walikuwa Maskati kutafuta maisha. Mume akiomba picha, mke alikuja studio na somo yake, yule aliyemfunda, akavua buibui na kufumua nywele, na Mzee Ishak akaapa kwamba picha itakwenda kwa mume tu. Ile kaki ndiyo iliyokuwa ahadi. Lakini vijana walikuwa wakicheka na kufanya kazi kwa raha, na Hafidh hakupata pa kuanzia. Nitawaambia kesho, alisema moyoni. Kesho ikawa wiki tatu.

Jumatatu Bi Mwanakhamis, anayesomesha watoto Kurani, alikuja kwenye kibanda chake cha baiskeli.

"Weye Hafidh, nasikia mapicha ya Ishak yatatiwa mtandaoni."

"Ndiyo, Bi. Alhamisi."

"Na yangu?"

Hafidh akaendelea kuzungusha gurudumu ambalo halikuwa na kasoro.

"Nakuuliza. Watoto wa watu waniita mwalimu. Wanione kichwa wazi kwenye simu zao? Ishak aliniapia hataiona mtu ila yeye na mume wangu."

"Niliisafisha mimi, Bi."

Bi Mwanakhamis akamtazama.

"Miaka thelathini na tano wanisalimia sokoni macho chini, nami nasema huyu ana adabu! Haya, inuka ukanisemee."

Kwenye chumba cha mradi Hafidh alisema yote, macho yake sakafuni, mbele ya wajitoleaji. Shamima aliweka kalamu mezani.

"Ami Hafidh, kwa nini hukutuambia? Ni mia mbili na kumi na nne, na zimekwisha changanyika na nyengine."

"Nilichoka," alijibu. Silo neno lenyewe, lakini hakuwa na jengine.

Wanaume wakatolewa nje. Hafidh alikaa kizingitini, akisikia kompyuta ikibofywa, muda mrefu, kisha sauti ya Bi Mwanakhamis: "Mh! Kumbe nilikuwa na shingo." Halafu: "Futa."

Alitoka na negativu yake kwenye ncha ya kanga. Shamima akamfuata.

"Hizo nyengine sizifuti wala siziweki mtandaoni kwa kauli yangu. Kila mwenyewe aulizwe. Alhamisi haipo tena. Na anayejua nyumba zao ni wewe peke yako, ami."

"Kwa hawa wa Konde nitakwenda naye," alisema Bi Mwanakhamis. "Akipiga hodi peke yake watamfungia. Wa Micheweni ajitafutie mtu, magoti yangu hayana kazi hiyo."

Walianza kwa Bi Rahila, jirani na msikiti. Bi Mwanakhamis aliingia, Hafidh akabaki nje ameipa nyumba mgongo. Kutoka ndani akasikia, "Ati nini?" kisha kicheko.

"Mwambie aseme mwenyewe," ilitoka sauti ya Bi Rahila nyuma ya pazia. "Aliyenyamaza si yeye?"

Hafidh akajifuta mikono kwenye suruali na kuanza kueleza tangu kopo la kwanza. Akitoka hapa, zitabaki mia mbili na kumi na mbili.