Nyama ya Jumamosi

Harufu ya nywele zilizochomeka na ya nyama choma zilikutana mlangoni mwa saluni ya mama, pale Kenyatta Market. Hadi leo nikiisikia moja peke yake, naona kama imepotezana na mwenzake. Nilikuwa darasa la tatu wazazi wangu walipotengana. Baba alikuwa mchinjaji kule Dagoretti. Walikwenda ofisi ya watoto mjini, wakakubaliana nikae na mama, baba atoe matunzo na kila Jumamosi aje kunichukua. Nilikuwa kwenye benchi, miguu ikining'inia, nikamsikia afisa akiwaeleza kwamba matunzo ni jambo moja na kumwona mtoto ni jingine, wala moja lisizuie jingine. Waliitikia kwa vichwa kama wanafunzi wazuri, wakatia sahihi. Sidhani kama kuna aliyesikia.

Kwetu mwanamume hapigi hodi mikono mitupu. Baba alileta matunzo yake kwa nyama, imefungwa kwenye gazeti lililolowa mafuta. Mama aliipokea bila salamu, akaipima uzito kwa kiganja, ndipo akaniruhusu kutoka. Tuliketi kwa mchoma nyama upande wa pili, baba akinikatia vipande vidogo na kunipulizia. Nilimpenda mno, pengine kwa sababu alikuwa wa Jumamosi tu.

Kisha machinjio yakafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa mifugo. Jumamosi iliyofuata baba alikuja mapema, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, mkononi hana kitu. Mama hakuacha kumsuka mteja.

"Baba Njeri, umekuja kuona nani na hujabeba kitu?"

Nilingoja baba amkumbushe maneno ya yule afisa. Mimi niliyakumbuka. Yeye aliangalia viatu vyake.

"Ni ukweli, Mama Njeri. Wacha nitafute kwanza."

Akaondoka bila hata kunigusa kichwa. Nililia mpaka mteja akaomba nipewe soda. Mama alisema ananipigania, na naamini alifikiri hivyo kweli. Lakini kilichoniuma, na bado kinaniuma, si yeye kumfukuza, ni baba kukubali kufukuzwa. Machinjio yalifunguliwa, aibu yake haikufunguka. Alipokuja tena nilikuwa nimevaa sare ya sekondari, naye ameshika gazeti lake.

Siku hizi naishi Loresho, na getini kwangu hakuna anayeulizwa amebeba nini. Baba amezeeka, na bado haji bila nyama. Nimemwambia mara nyingi, baba, njoo tu. Huitikia kwa kichwa, vilevile alivyomwitikia yule afisa. Jumamosi iliyopita nilipika chai nikamngoja hadi ikapoa. Jioni akapiga simu, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakupata nyama nzuri, akipata atakuja.