Diski Iliyomeza Nyimbo Kumi na Moja

Watu wakiniuliza kwa nini yule muuza kompyuta aliondoka Tukuyu, huwajibu kuwa sijui. Nawadanganya. Mimi ndiye niliyemwondoa, na kazi hiyo ilinichukua miezi minne.

Wakati huo nilikuwa katibu wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu, huku Masukulu. Tulialikwa mpaka Nkunga kwa sababu ya bibi mmoja tu, mwanzishaji wetu wa nyimbo, mkulima wa migomba kama sisi wengine. Sauti yake ilianzia chini kabisa, ikapanda taratibu, mpaka watu wakasahau kukohoa. Nyimbo alizitunga mwenyewe kwa Kinyakyusa na hazikuandikwa popote. Kila mtu alisema zirekodiwe, na kila mtu akawa anamsubiri mwenzake.

Nikaamua nitazirekodi mimi. Kompyuta nzima sikuiweza, nikaiunda kipande kwa kipande. Kasha nililipata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikitupa vitu vyake. Ule ubao unaobeba viungo vyote aliniletea mdogo wangu kutoka Mbeya, ameuviringisha ndani ya kitenge. Nilikuwa nafungua video kwenye simu, naisimamisha, nakaza skrubu, kisha naendelea. Mume wangu akipita pale mezani ananitania, "Siku kitu hicho kikiwaka, nachinja jogoo."

Kilichobaki kilikuwa diski, kile kipande kinachotunza kila unachohifadhi. Nikaenda mjini, kwenye duka la yule bwana karibu na stendi. Aliniwekea mbili kwenye kioo, bei moja. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyembamba kama biskuti, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ya pili ilikuwa nzito, pana, na nafasi yake mara nne ya ile ndogo.

"Dada, unataka kuweka nini?" aliniuliza.

"Nyimbo za kwaya."

"Basi chukua kubwa. Hii ndogo ni ya watu wa kuandika barua."

"Ni mpya?"

Alinyanyua ile nzito, akanionyesha stika inayong'aa. "Naapa kwa mama yangu mzazi. Imetoka boksini asubuhi ya leo."

Nilizishika zote mbili, moja kila mkono, kama mtu anayechagua parachichi. Moyo ulikuwa kwenye ile ndogo. Kwenye video walikuwa wakiisifu kwamba haiharibiki ovyo. Lakini tamaa ya nafasi ikanishinda. Nikachukua kubwa.

Kompyuta ikawaka, jogoo akachinjwa. Jumamosi tatu mfululizo tulirekodi kanisani, tukivizia mvua inyamaze, maana ikipiga bati hata kengele huisikii. Nilitumia kinasa sauti cha kuazima. Kila jioni nilihamishia nyimbo kwenye diski, kisha nikakifuta ili Jumamosi inayofuata kiwe na nafasi. Zikafika kumi na moja. Bibi alivaa spika za masikio kwa mara ya kwanza, akajisikiliza, akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe mimi ndio ledio!" akasema.

Nakala ya pili sikuweka. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Wiki mbili baadaye Bibi alipata kiharusi. Akapona nusu, mdomo ukaenda upande, ile sauti ikaondoka. Haukupita mwezi, diski ikaanza kulia ndani ya kasha kama kuku anayedonoa bati. Siku ya tatu nyimbo hazikufunguka tena.

Nilipowaeleza wenzangu, mwenyekiti wetu alisimama mbele ya kwaya nzima. "Amewauzia watu wa studio," alisema. "Sasa anatuletea hadithi ya chuma kilichokufa." Wakanivua ukatibu siku ileile. Bibi alikuwa ameketi benchi la mbele. Wakati huo ulimi wake ulikuwa bado haujafunguka.

Nikarudi na diski dukani. Palikuwa na wateja watano au sita. Yule bwana hakuichukua hata mkononi.

"Umeme wenu wa kijijini ndio umeiua," alisema, akiwageukia wateja ili wamsikie vizuri. "Halafu mwanamke na kompyuta, wapi na wapi? Ungenunua cherehani, dada." Wakacheka. Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikatabasamu nao, nikatoka.

Kuna fundi mmoja anaishi Igogwe, mtu wa maneno machache. Aliiunganisha ile diski kwenye mashine yake, akafungua programu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. "Diski hujihesabia yenyewe saa ilizowashwa," akaniambia. "Stika unaweza kubadilisha. Hii hesabu, wengi hawajui hata kama ipo." Akasoma, akaguna. "Dada, hii imefanya kazi miaka minne na ushee bila kupumzika. Nadhani ilikuwa kwenye kamera za ulinzi." Akaparua stika kwa ukucha. Chini yake palikuwa na nyingine, imefifia, ina alama ya wino mwekundu.

Nyimbo zenyewe hakuweza kuzitoa. Nilimwomba anifundishe programu ile.

Mkabala na duka la yule bwana kulikuwa na baraza la mama mmoja mshonaji, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Nilimsimulia yote. Akasogeza cherehani yake. "Weka meza yako hapa, shoga." Nikaleta kompyuta yangu, sasa ina diski ndogo nyembamba, na ubao nilioandika kwa mkono: DISKI YAKO INA UMRI GANI? TUNAPIMA BURE.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyetoka kununua diski ng'ambo ya barabara dakika chache zilizopita. Nikaipima.

"Miaka mitatu, mwalimu."

"Ameniambia ni mpya."

"Mimi nasoma tu kinachoandikwa hapa, mwalimu."

Alivuka barabara na fimbo yake. Niliona mdomo wa yule bwana ukifunguka na kufungika nyuma ya kioo, na utamu nilioupata siwezi kuulinganisha na asali wala na kitu kingine.

Nikawa nakuja kila Jumanne na Ijumaa. Sikumtukana, jina lake sikulitaja. Wakaja makatibu wa vikundi, wenye steshenari, hata mwenyekiti wetu wa kwaya na diski ya mwanawe. Nilimpimia naye, nikamwonyesha, hakuniangalia usoni. Yule bwana alieneza kwamba nina kichaa, kisha kwamba nimetumwa na washindani wake. Mwezi wa tatu wa kupima kwangu, alivuka mwenyewe, na boksi dogo mkononi.

"Mama, hii ni mpya kweli. Ichukue tuyamalize."

"Zamani nilikuwa dada."

"Unataka nini, basi?"

"Njoo Masukulu Jumapili. Simama mbele ya kwaya useme uliniuzia nini."

"Unataka kunidhalilisha."

"Ndiyo."

Alikuja. Viatu vimelowa tope, kofia mikononi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba diski ilikuwa kuukuu na alijua. Akina mama wa nyuma wakapaza sauti, "Hatusikii!" Akarudia. Mwenyekiti akaniomba radhi, akanirudishia ukatibu. Radhi nikaipokea, ukatibu nikaukataa.

Jumanne iliyofuata nilikuwa barazani kama kawaida. Yule bwana alivuka barabara akikimbia.

"Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana uje, ukaja. Kuacha hatukukubaliana."

Mshonaji alisimamisha cherehani. Alipoondoka yule bwana, aliniambia taratibu, "Shoga, huyo ameshaanguka. Sasa unamkanyaga." Nilimwambia akihitaji baraza lake nitahama. Akaendelea kushona.

Katikati ya mwezi huo nilikwenda kumwona Bibi, nikamsimulia jinsi duka linavyokauka. Nilitegemea afurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa ule upande mmoja wa mdomo, "Na nyimbo, mwanangu?"

"Hazikurudi, Bibi."

Akaomba maji. Nilimshikia kikombe.

Bado sikuacha. Nilipima mpaka siku aliyofunga duka. Lilikuja gari la mizigo asubuhi ya manyunyu. Yeye na mkewe walikuwa wakitoa kile kioo cha kaunta, kizito, wamekishika huku na huku, na mke anateleza kwenye tope. Mshonaji aliacha kitambaa chini ya sindano, akavuka kwenda kuwasaidia, akashika kona ya tatu. Kona ya nne haikuwa na mtu. Mke yule aliinua uso, akanitazama. Nami nikamtazama, nimeketi, mikono mapajani, mpaka kioo kikaingia garini.