Naomba Kumchukua Huyu

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi, shule niliishia ya msingi.

Kila nikisikia harufu ya vanishi namkumbuka dada wa kizungu aliyekuja mtaani kwetu Keko na wenzake wa misheni. Alimwamkia bibi shikamoo, akanishika shavu, akasema, "Bibi, naomba kumchukua huyu."

"Umpeleke wapi?" bibi akafoka. "Biskuti leteni, mjukuu wangu mwacheni!"

Akanisukuma ndani ya kabati la fundi jirani, vanishi haijakauka, akaegemea mlango.

Fundi akacheka. "Bibi, anataka kumpiga picha tu!"

Bibi hakucheka. Nilichungulia kwenye ufa. Mikononi mwa yule dada sikuona simu wala kamera.

Dada, ukisoma haya niandikie. Ulitaka picha, au ulinitaka mimi?