Blanketi la Marehemu Mama

Juzi daktari alimchoma kidogo mtoto wa Neema, mdogo wangu, mkononi, penye tone la kupimia kama vumbi linamdhuru, ngozi ikavimba. Nikakumbuka mchana mmoja kijijini kwetu Nkoaranga, Neema akiwa bado mdogo, siku chache baada ya kumzika mama. Shangazi alimfunika Neema blanketi la marehemu, lililonuka moshi na jasho lake. Neema alijikuna mpaka damu, kisha kifua kikaanza kulia kama filimbi.

“Mama yenu anamtaka mziwanda wake,” shangazi alinong'ona.

“Hampati!” nilisema, nikamshika Neema mguu asivutwe. Sikumwachia mpaka alipopumua vizuri.

Daktari anasema ni vijidudu vya vumbi vinavyokaa kwenye matandiko; vinapita kwenye ngozi iliyochubuka, mwili unajifunza kuvipiga vita, kifua kinabana. Niliacha shule mapema, naelewa nusu. Bado sijui siku ile nilikuwa navutana na nani.